Arusha na Moshi tunajiita kisiwa cha amani, ila miji hii imejengwa na vita vya watu wengine

#1 Jirani wa Boma

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu, hatutagombana.

Kila jirani akichafukiwa, na kila uchaguzi ukikaribia, tunaambiwa sisi ni kisiwa cha amani. Sina ugomvi na amani, naipenda kama mnavyoipenda. Ninachobishia ni ile imani kwamba vita ni mambo ya wenzetu, sisi huku tulikuwa tumetulia tunamenya ndizi. Tembea kuanzia Boma mpaka Tengeru, kisha shuka Moshi. Ardhi inamilikiwa na nani, nyumba gani inapangishwa kwa dola, hata mama zetu wanavyonunua sukari: chunguza, utakuta vita.

Na hoja yangu hasa ni hii. Vita vya wageni tumevitunzia majengo, uzio na walinzi. Vya kwetu tumeviacha vikae kwenye tabia za watu na kwenye makaburi ya nyuma ya nyumba.

Chukua Boma lenyewe. Oktoba 1896 wamisionari wawili waliuawa Akeri, Mjerumani akaja kulipiza. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, migomba ikafyekwa. Halafu wanaume wa Kiarusha na Kimeru walioponea wakalazimishwa kujenga ngome ya kuwatawala wenyewe. Leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Watoto wa shule wanapelekwa pale kuona mambo ya zamadamu na picha za wanyama. Ni makumbusho mazuri, ila muulize mtoto akitoka kama ameambiwa nani alibeba yale mawe.

Wakati huohuo huko kusini Makaburu walikuwa wameshindwa na Mwingereza katika vita vya 1899 hadi 1902. Baadhi ya familia zao hazikutaka kukaa chini ya bendera yake, zikapanda mpaka koloni la Mjerumani na kupewa ardhi pembezoni mwa Meru. Kwa hiyo kuna mzee wa Kimeru aliyehamishwa shambani kwake kwa sababu ya vita ambavyo hata jina lake hakuwahi kulisikia. Ikaja 1914. Novemba 3 Waingereza wakajaribu kuichukua Longido wakarudishwa. Machi 1916 akaja Jenerali Smuts, Kaburu aliyewahi kupigana na Waingereza na sasa anawaongozea jeshi, akaitwaa Moshi, na majeshi yake yakaingia Arusha mwezi huohuo. Mashamba ya Wajerumani yakataifishwa kama mali ya adui na kuuzwa, Wagiriki nao wakapata sehemu yao. Baadaye Wajerumani wakarudi, ikaja vita ya pili, wakakamatwa tena. Ardhi ilipita mikononi mwa watu wanne watano bila kumrudia mwenyewe.

Hapa ndipo panaponifurahisha. Kwa kuwa Mjerumani alishindwa, Tanganyika haikuwa koloni la kawaida la Mwingereza. Kwanza ilikuwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, halafu baada ya vita ya pili ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Wameru takriban 3,000 walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, walikuwa na mlango ambao Mkikuyu wa Kenya hakuwa nao. Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka 1952, akisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria wa kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, akasimama mbele ya wakubwa wa dunia kusema watu wake wamenyang'anywa ardhi. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Lakini mkulima wa Meru alijifunza kuchangishana fedha, kuandika malalamiko na kumshitaki Mwingereza nje ya nchi, miaka miwili kabla TANU haijazaliwa. Siasa zetu za huku zilianzia kwenye mlango uliofunguliwa na vita ya Wazungu.

Sijagusa Wapolandi wa Tengeru, mahakama ya Rwanda wala vita vya Kagera. Nawaachia. Kwenu nyumbani vita viliacha nini?

#2 Chalii wa Ngarenaro

Nimevuta kiti, naagiza na kahawa. Ila mkuu umeanza na 1896, sisi wengine vita tulivijua 2022 Mrusi alipoingia Ukraine na mafuta yakapanda pale kituoni. Serikali ikaweka ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi na bado bodaboda tulilia.

#3 Mama Wawili Njiro

Mleta uzi umenigusa ulipotaja nyumba za dola, niseme ninachokijua.

Mahakama ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994, mwaka uliofuata Arusha ikachaguliwa kuwa makao. Ikawekwa AICC, jengo lililojengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ambayo ilikuwa imeshakufa 1977. Watu wa Njiro wa umri wangu wanakumbuka mji ulivyobadilika. Yalikuja magari meupe yenye namba za UN, na watu wa Afrika Magharibi wanaoongea Kifaransa wakitafuta samaki wabichi Soko Kuu. Nyumba iliyokuwa ikipangishwa kwa shilingi ikaanza kutajwa kwa dola, na mwenye nyumba akahamia kibanda cha nyuma ili mbele apange mgeni. Wapo waliosomesha watoto mpaka chuo kikuu kwa kodi ile. Mimi ni mmoja wao na sioni aibu kusema, ingawa kuna usiku nilikuwa najiuliza fedha hii imetoka kwenye nini.

Niliwahi kuingia kusikiliza kesi, ilikuwa ruhusa kwa mwananchi yeyote mwenye kitambulisho. Unakaa nyuma ya kioo, unavaa vifaa vya masikioni, unachagua lugha: Kiingereza, Kifaransa au Kinyarwanda. Kiswahili hakimo. Akija shahidi wa siri wanavuta pazia, wewe unamsikia tu, naye anaitwa kwa herufi. Siku hiyo shahidi alikuwa mwanamke. Mwanasheria alikuwa akimuuliza umbali wa hatua kutoka mlangoni hadi kwenye mti, anarudia tena na tena, na mkalimani wa Kiingereza alikuwa anaongea kwa sauti ileile moja kama anasoma ratiba ya basi. Nilitoka nikapanda daladala, watu wanabishana mambo ya Simba na Yanga. Hakuna aliyejua kinachoendelea ghorofani pale.

Na ni pale pale, Septemba 1998, katika kesi ya Akayesu, ndipo kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na kusema kwamba kubaka kunaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Sheria ya dunia nzima iliandikwa mtaani kwetu. Sisi tulibaki na jina la Geneva ya Afrika na bei ya nyumba.

#4 Damu ya Old Moshi

Mkuu Jirani, Waarusha mnapenda sana historia ianzie kwenu. Umeruka kabisa Mangi Meli, mtawala wetu wa Old Moshi.

Juni 1892 Meli akiwa kijana aliwapiga Wajerumani Old Moshi, na kamanda wao von Bülow akafa. Ilibidi warudi mwaka uliofuata na jeshi kubwa kumshinda. Machi 2, 1900 wakamnyonga pamoja na viongozi wengine, jumla watu 19, wa Kichagga, Kimeru na Kiarusha. Mti wa kunyongea uko Tsudunyi, na kila Machi tunakutana pale. Familia inasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walilinganisha vinasaba vya mafuvu na vya familia za Kilimanjaro, na fuvu moja likaoana na ukoo wa Akida, mshauri wa Meli. La Meli halikuwemo. Mwaka huohuo Rais wa Ujerumani alikuja Songea kuomba radhi kwa Maji Maji. Huku kwetu kuna wajukuu waliotoa mate yao kwenye kijiti kumtafuta babu, na bado wanasubiri. Kwa Mchagga hili si la makumbusho. Mtu anazikwa kihambani kwake, yaani kwenye shamba la ukoo, na akizikwa nusu kazi haijaisha.

#5 Jirani wa Boma

@Damu ya Old Moshi heshima kwa Meli, tena ni vizuri umetaja kwamba na wa kwetu walinyongwa naye. Ila na wewe malizia hadithi. Mjerumani alipokuja kulipiza Akeri hakuja peke yake, alikuja na wapiganaji wa Kichagga kutoka mlimani, na ng'ombe wetu wengine walilala kwenye mazizi yenu. Wazee wa Meru walikuwa hawasahau hilo. Huu utani wetu wa Mchagga na hela, Mwarusha na rungu, una mizizi ambayo si ya utani.

#6 Damu ya Old Moshi

Ng'ombe waliliwa zamani mkuu, njoo na risiti 😂. Hata hivyo Old Moshi na Kibosho walikuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe kabla Mzungu hajafika, na kila mangi alikuwa anatafuta nani wa kumwegemea. Mjerumani aliukuta ugomvi akaupanga upya. Neno "Mchagga" lenyewe kama kabila moja, babu zetu wa wakati wa Meli wangekushangaa. Wao walikuwa watu wa Moshi, wa Kibosho, wa Marangu.

#7 Mwinjilisti Mstaafu

Bwana asifiwe. Nichangie kidogo upande wa kanisa. Baada ya vita ya kwanza Waingereza waliwafukuza wamisionari wa Leipzig mwaka 1920. Walimu na wazee wa Kichagga ndio waliobaki na sharika, wakibatiza, wakifundisha, wakiamua kesi za ndoa. Walutheri wa Marekani wakaja kusaidia, Wajerumani wakarudi katikati ya miaka ya 1920, lakini walikuta watu ambao wameshajua kanisa linaweza kwenda bila wao. Vita ya pili ikarudia mchezo uleule. Watu wanashangaa kwa nini KKKT Kaskazini ina nguvu na kwa nini haikubali kuburuzwa. Jibu liko hapo.

#8 Kozi ya Pili Tengeru

Mimi nasoma hapa Tengeru, Taasisi ya Maendeleo ya Jamii. Makaburi ya Wapolandi yako hapa hapa Tengeru. Mwaka wa kwanza nilidhani ni ya masista.

Kwa wasiojua: Stalin aliwahamisha Wapolandi kwenda Siberia na Kazakhstan kuanzia 1940. Hitler alipomgeukia, wakaachiwa, wakapitia Iran, na karibu 20,000 wakaletwa Afrika Mashariki. Kambi kubwa ilikuwa hapa Tengeru, watu karibu 5,000, wengi wanawake na watoto. Kambi ilidumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ukiona picha zake utacheka: nyumba za duara nyeupe za makuti zimepangwa mistari kama kambi ya jeshi, na mbele yake wasichana wa Kizungu wamevaa sare za skauti. Walikuwa na kanisa, shule, shamba na jukwaa la maigizo.

Makaburi yako karibu 150. Majani yamekatwa, ukuta umepakwa rangi, kuna mtu wa kutunza, na watu wa ubalozi wao wanakuja na maua. Kuna Wakatoliki, Waorthodoksi na Wayahudi. Kuna kaburi la mtoto ambalo tarehe ya kuzaliwa na ya kufa ni za mwaka mmoja.

Sasa hoja ya mleta uzi naiunga mkono kwa asilimia zote. Wapagazi wetu waliobebeshwa mizigo ya Mwingereza na Mjerumani 1914 hadi 1918, makaburi yao yako wapi? Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri yenyewe: watu wasiopungua 116,000, na huenda mpaka 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Pale Moshi kuna makaburi ya vita yaliyopangwa vizuri. Nenda kasome majina, uone utawakuta wapagazi wangapi.

#9 Chalii wa Ngarenaro

Kumbe. Nimepita hapo Tengeru sokoni maisha yangu yote nikinunua parachichi, sijui lolote. Kuna watu wa Kagera humu? Baba zetu hawasemi.

#10 Bibi Kiboriloni

Wanangu, mjukuu amenisomea uzi huu na sasa ananiandikia. Nataka kusema la Kagera, maana mnaliruka.

Amin alivuka mwisho wa Oktoba 1978. Tulikuwa tumezunguka redio, Mwalimu akasema yale maneno ya uwezo, sababu na nia. Siku hizi nawasikia mashabiki wa mpira wakiyasema kabla ya mechi, nacheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Wanamgambo walianza kukusanyika, na magari ya watu yakachukuliwa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la Mhindi mmoja hapa mjini. Lori liliondoka na yeye ndani yake. Alirudi, lori halikurudi. Yule tajiri alifuatilia fidia mpaka akachoka.

Kaka yangu alikwenda na jeshi mpaka Kampala. Aprili 1979 ilipoanguka, mtaani tulicheza ngoma. Alirudi na redio ya kaseti na saa mbili, akampa mama moja. Alikuwa anaongea Kiswahili cha kijeshi nyumbani, anawaamuru watoto wapange viatu mstari. Kuhusu kupigana hakusema kitu mpaka anakufa, isipokuwa alikuwa hataki nyama choma. Kila mtu alidhani ni tumbo.

Lakini vita yenyewe sisi akina mama tuliipigana baada ya vita. Mwalimu alisema tufunge mikanda miezi 18. Mikanda ile hatukuifungua miaka mingi. Fedha za kigeni zilikuwa zimekwisha, mafuta ya dunia yamepanda, na mpaka wa Kenya umefungwa tangu 1977. Sukari ni duka la kaya, unapanga foleni saa kumi alfajiri, unaweka jiwe lenye alama yako mahali pako uende kukamua ng'ombe. Ukirudi ukakuta jiwe limesogezwa, hapo ndipo utajua nani ni jirani. Sabuni tulichemsha majivu. Unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ndio huo huo, watoto wakikataa wanalala njaa.

Ndipo Moshi ikajifunza magendo. Wanawake wa Rombo na Himo walipita njia za porini usiku kwenda Taveta na kahawa, wanarudi na Kimbo, sabuni, dawa ya meno, wameifunga tumboni kama wajawazito. Polisi anajua, mjumbe anajua. Wengi wa matajiri mnaowaona hapa Moshi mama zao walianzia kwenye tumbo lile la uongo. Mwaka 1983 Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, watu walitupa magunia ya sukari mtoni usiku, asubuhi maji ya mfereji yakawa matamu, walisema watu. Mimi sikuyaonja.

Mpaka leo stoo yangu haikosi miche ya sabuni na mfuko wa sukari ambao hatuugusi. Wajukuu wananicheka, wanasema bibi anangoja Amin.

#11 Chalii wa Ngarenaro

Shikamoo bibi. Hiyo ya mawe kwenye foleni sijawahi kuisikia popote. Kwa hiyo mpaka ulifunguliwa lini?

#12 Bibi Kiboriloni

Marahaba mwanangu. Mwisho wa 1983. Siku za mwanzo watu walivuka Holili kwa miguu kwenda kuangalia maduka tu, hawana hata senti. Mimi nilinunua mkate mweupe, nikala wote njiani kabla sijafika nyumbani, watoto wasijue.

#13 Sina Nongwa

Mleta uzi unaandika vizuri ila unalazimisha. Kila ugonjwa unatoa panadol ile ile, vita. Utanzania haukutokana na vita, umetokana na Kiswahili, shule za bweni, JKT, Azimio la 1967 lililotangazwa hapo hapo kwenu Arusha. Mtoto wa Kigoma alikutana na wa Newala darasani, wala si kwenye handaki. Na magendo ya bibi ni matokeo ya sera mbovu za uchumi na kuvunjika kwa Jumuiya. Vita ya Kagera inabebeshwa mizigo isiyo yake. Uganda imepigana kuliko sisi, imejenga umoja gani?

#14 Jirani wa Boma

@Sina Nongwa kwenye uchumi nakubali vita haikuwa peke yake, na bibi mwenyewe ametaja mpaka na mafuta. Sera zilikuwa zimeshaanza kukwama kabla. Ila vita ilikomba akiba, inatajwa gharama ya dola milioni 500 hivi, na wafadhili hawakukimbilia kutusaidia.

Kwenye Utanzania ndiyo sikubaliani. Kiswahili na shule zilitupa cha kushirikiana. Cha kujitofautisha nacho tulikipata kwa wakimbizi. Warundi wa 1972 walikuja kwa maelfu. Aprili 1994 watu wanaokadiriwa 250,000 walivuka Rusumo ndani ya saa 24. Tangu hapo "mkimbizi" imekuwa tusi. Mwanasiasa akiwasumbua wenzake, kitu cha kwanza kuhojiwa ni uraia wake. Sura yako ikiwa ndefu kidogo, au lafudhi yako ya Kigoma au Ngara, afisa wa kitambulisho anakuuliza babu yako alizaliwa wapi. Hilo "sisi si kama wale" ni nusu ya utaifa wetu, na limetengenezwa na vita vya jirani. Na niwe mkweli kwa pande zote: nchi hii hii ndiyo iliyowapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa mwaka 1972. Sijui nchi nyingine Afrika iliyofanya hivyo kwa idadi ile.

Hata "kisiwa cha amani" ni jina linalohitaji bahari. Tungekuwa tumezungukwa na nchi zilizotulia, nani angetuita kisiwa?

#15 Bajaji ya Kijenge

Niwalete 2023 na kuendelea, maana mmekaa sana zamani. Kituoni kwetu kuna bajaji zenye bendera ya Israel na nyingine za Palestina, zimepaki ubavu kwa ubavu, madereva wanakula chipsi sahani moja. Mlokole anasema Israel ni taifa teule, Ustaadhi anasema angalieni watoto wa Gaza. Wote wawili hawajui kwamba Mwalimu alivunja uhusiano na Israel mwaka 1973, PLO wakafungua ofisi Dar, na nchi ikarudisha uhusiano 1995. Yaani serikali ilikuwa na msimamo kabla sisi hatujawa na stika.

Halafu ikatokea ile ya Oktoba 7, Hamas waliposhambulia Israel. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kule kujifunza kilimo waliuawa. Mmoja wa Rombo, mwingine wa Simanjiro. Wa Rombo alirudishwa akazikwa kwao mwaka huohuo, wa Simanjiro mwili wake ulikaa mikononi mwa Hamas miaka miwili, ukarudi Novemba 2025. Siku habari zilipotoka pale kijiweni, mwenye bendera ya Israel na mwenye ya Palestina wote walinyamaza, kila mtu akawa anaulizia ukoo. Mmoja ni Mmasai wa kwetu, mwingine Mchagga. Walikwenda kujifunza umwagiliaji. Mtu wa Simanjiro akitaka kujifunza maji inabidi aende kwenye vita, hilo hamlijadili.

Bendera bado zipo lakini.

#16 Mtu wa Soweto

Mimi naishi Soweto ya Moshi (ndiyo, na Arusha mna viwanja vya Soweto, Afrika Kusini ilipigana huku kwa majina). Nashangaa hakuna aliyetaja mkutano wa Moshi. Machi 1979, kabla Kampala haijaanguka, makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutanishwa hapa mjini, wakaunda UNLF, umoja wao wa kumng'oa Amin, na kumchagua Yusuf Lule kuuongoza. Serikali ya nchi nyingine imeundwa Moshi! Muulize kijana yeyote wa Double Road, hajui. Napendekeza tuishinikize manispaa iweke bango, watalii wa mlima wapo, wataona.

#17 Mama Wawili Njiro

Kabla ya bango, kuna jambo la mahakama nililisahau. Walioshtakiwa walikuwa 93, na 14 waliachiwa huru. Huru hiyo ilikuwa ya ajabu. Rwanda walikuwa wanaogopa kurudi, nchi za Ulaya ziliwakataa, Tanzania haikuwataka kama wakazi. Baadhi yao walikaa kwenye nyumba ya ulinzi hapa Arusha miaka na miaka, hata baada ya mahakama kufungwa mwisho wa 2015. Wanane, wengine walioachiwa huru na wengine waliomaliza vifungo, walipelekwa Niger Desemba 2021, na Niger nayo ikageuka ikataka kuwafukuza. Tulikuwa na majirani wasio na kesi wala nchi, tukinunua mboga kwenye gari moja.

#18 Jirani wa Boma

@Mama Wawili hiyo ndiyo inayonionyesha kwamba haki ililetwa Arusha kama mzigo wa kupita bandarini. Ilishushwa, ikapangwa, ikasafirishwa. Mwenyeji alilipwa kodi ya ghala. Sasa hivi ile taasisi iliyorithi kazi za mahakama iko Lakilaki, kuna hifadhi kubwa ya nyaraka, na wanafunzi wa sheria wanaotoka Ulaya kuisoma ni rahisi kuwakuta kuliko wa hapa.

@Mtu wa Soweto bango sikuungi mkono. Lule aliapishwa Aprili akaondolewa Juni, alikaa siku 68. Waliomfuata nao hawakukaa, na Uganda ikaingia vita nyingine. Mkutano ule tuliuandaa sisi, na wapo Waganda wanaosema tuliwachagulia. Ukitaka kuandika bango itabidi uandike na hayo, na manispaa haitakubali.

Nikipewa hela ya bango moja naiweka Kiboriloni au Holili, kwenye moja ya zile njia za porini za Taveta, na naandika majina ya akina mama waliovusha sabuni. Bibi, kama una orodha, mwambie mjukuu anitumie kwa ujumbe wa faragha, asiiweke hapa hadharani. Wapo ambao watoto wao ni wakubwa serikalini.

#19 Bibi Kiboriloni

Orodha ninayo. Watatu bado wako hai, niwaulize kwanza.